Kitenge cha Mshindi

Haji Haidari alipokwenda semina Mwanza mwaka 2013 alikuwa mfanyabiashara wa maharage mwenye akili zake timamu. Alirudi Kasulu na cheti, ubao mweupe na kalamu tatu za rangi. Akili nadhani alizisahau hotelini.

Ubao akauleta Kibondo, kwenye ghala lake, akautundika mbele ya wanawake tisa wanaochambua maharage. Msimamizi wao, Mwanaamina, alimshikia misumari huku akijiuma midomo asicheke.

"Mfanyakazi asiye na lengo ni gari lisilo na usukani," Haji alitangaza. "Kila mmoja madebe sita kwa siku. Ijumaa, wa kwanza anachukua kitenge hiki. Wa mwisho anakwenda kwao!"

Kitenge kilikuwa kizuri, tusimnyime haki yake. Ila Mwanaamina kicheko kilimkauka. Wa mwisho alijulikana: Bibi Immakulata, mwenye jicho moja la kuonea na jingine la kusindikiza. Mwanaamina alipoingia mjini, mjane na mwanawe Shamsi mgongoni, ni bibi huyo aliyemfundisha kushika ungo. Leo amwambie asirudi? Alisikia uchungu, akasikia na aibu.

Jumatatu akahesabu: kila mmoja madebe sita. Jumanne sita. Jumatano, hata Bibi Immakulata, sita!

Alhamisi Mwanaamina alijibanza nyuma ya magunia. Theodosia, mwenye vidole vyepesi kuliko wote, alimaliza debe la sita saa nane, akanyanyuka kimya, akaketi kando ya bibi na kutia mkono kwenye ungo wake. Mwingine akafuata. Huku kwa Waha shamba hulimwa kwa zamu, na aliyemaliza mstari wake hugeuka kumpokea aliyebaki nyuma. Kumwacha ni kujitafutia matusi ya kijiji kizima.

Mwanaamina akajitokeza. "Haji akigundua, mimi ndiye nitakayefukuzwa."

"Agundue nini, Mama Shamsi?" Theodosia aliuliza. "Si alitaka madebe? Madebe si hayo?"

Mwanaamina akauendea ubao, akafuta majina yote tisa, akaandika mstari mmoja: Madebe 270 kwa wiki. Yakitimia, nyumbani.

Siku hiyo walichambua mpaka giza likaingia, na Ijumaa yakatimia saa sita mchana. Haji alipofika saa tisa kumpiga picha mshindi, alimkuta Mwanaamina peke yake na kikombe cha chai.

"Watu wako wapi?"

"Wamefikia lengo, Haji. Wamekwenda mashambani kwao."

Haji akafungua gunia, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko akitafuta jiwe. Akafungua la pili, na la tatu. Hakupata hata moja.

"Wa kwanza nani?"

"Wote."

"Na wa mwisho?"

Mwanaamina akaweka kikombe chini. "Niandike mimi."

Haji akamtazama, akayatazama magunia arobaini na matano, na nje lori la mteja lilikuwa likipiga honi. Alikuwa mfanyabiashara kabla ya semina. Akatupa kitenge mezani. "Mtajuana wenyewe," akasema, akatoka kupakia.

Jumatatu alikuta wanawake tisa na msimamizi wao, wote wamefunga vilemba vya kitenge kimoja. Bibi Immakulata akamsogelea na kipande kilichobaki, akampa kwa mikono miwili.

"Na wewe hatukukusahau, mwanangu," alisema. "Hiki cha kufutia ubao."