Bata Aliyeniumbua Mbele ya Wakwe

Nikianza kusimulia hili huwa najifunika uso kwanza, kwa hiyo mniache nijifunike halafu niendelee. Ni aibu iliyonikwama kama mwiba wa samaki kooni (na mimi samaki sili, kwa hiyo hebu fikirieni).

Ilikuwa miaka ya tisini, nasoma chuo kikuu Minneapolis na wikiendi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Maplewood, na nilikuwa karibu kuchumbiwa na Obed, Mkisii wa Kenya, mtu mpole mpaka anakera. Kilichobaki ni wakubwa kuonana tu. Upande wake alikuwepo baba yake mdogo, Mzee Onchiri, aliyekuwa anaishi Brooklyn Park na mke wake. Upande wangu hakukuwa na mtu, mpaka Shangazi Eunike alipopata safari.

Shangazi Eunike ndiye aliyenilea Musoma baada ya mama kufariki. Ni Msabato wa wale wa zamani, hali nyama, hali samaki, hagusi maziwa wala yai, na mimi nilikulia sahani hiyohiyo. Kwetu jambo hili halikuwa hata na jina. Kilikuwa chakula: ugali, maharage, mchicha wa karanga, viazi vitamu, basi. Nilipofika Amerika ndipo likageuka ugonjwa. Kila nilipokaa mezani na watu ni maswali: sasa wewe unakula nini? Unapata wapi nguvu? Na hata kuku? (Wakenya wa kanisani kwetu ndio walionishinda kabisa, maana kwao kuku si nyama, kuku ni kuku.) Nilikuwa nachukia, nasema ukweli, nachukia mpaka masikio yanawaka, lakini natabasamu.

Sasa Shangazi alipitia Uingereza kwanza, na kina mama wa kanisa, wakazunguka kutembelea waumini, na alipotua kwetu hakuwa na wimbo mwingine. Kulala ni Uingereza, kuamka ni Uingereza. "Naomi mwanangu, kule tumekula kama malkia! Mji mdogo tu, mvua inanyesha, tunaingia kwenye mkahawa, kijana ana hereni puani, anatuletea maharage na uyoga na mkate, na anatuambia mwenyewe, mama, mkate huu hauna maziwa. Hatujamwuliza!" Halafu ananitazama. "Na huku kwenu je?"

Hiyo "huku kwenu" iliniuma, kama vile Minnesota ni shamba la baba yangu na nimeshindwa kulipalilia. Kwa hiyo mke wa Mzee Onchiri alipopiga simu kusema Jumapili atatupikia wote kwake ili wakubwa waonane, mimi, badala ya kusema asante mama, nikasema, "Hapana mama, usijisumbue, tutakula nje." Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Mama wa watu akanuna, akasema kama chakula chake hakifai basi yeye anabaki nyumbani, na kweli akabaki.

Jumapili hiyo baridi ilikuwa ile ya kugandisha kope. Mzee Onchiri alikuja amevaa suti ya kijivu, mpya, na kwa heshima ya wakwe akatangaza, "Leo mimi nakula vile wageni wanakula. Hakuna nyama." Obed akawa dereva. Mimi nikawa kiongozi wa msafara, nimekaa mbele nimenyoosha shingo kama twiga, najua pa kwenda.

Sikujua pa kwenda. Nilikuwa nimesikia tu kwamba karibu na kwangu Hopkins kuna hoteli nzuri ya chakula, ya mbao, watu wanaisifia supu yake ya ule mchele mweusi wa porini ambao watu wa Minnesota wanajivunia kama sisi tunavyojivunia ziwa letu. Nikamwuliza mhudumu taratibu, neno kwa neno, hii supu ina nyama? Binti akanitolea tabasamu mpaka magego. "Hapana kabisa!" Supu ikaja nyeupe kwa malai, na ndani yake vinaogelea vipande vya kuku. Nikamwita. Akaangalia bakuli, akaniangalia mimi. "Ah, hicho ni kuku tu."

Kuku tu!

Nikaomba basi kachumbari ya majani matupu. Ikaletwa, Shangazi akafunga macho akaombea, akafungua, akachokonoa kwa uma na kuuliza, "Naomi, hivi vyekundu ni nini?" Vilikuwa vipande vya nguruwe vya kukaanga, vimemwagwa juu kama chumvi. Nguruwe, mbele ya Shangazi Eunike, ambaye hata picha ya nguruwe kwenye kitabu cha shule alikuwa anaigeuza! Nikamwita yule binti tena na akanieleza, bado anatabasamu, kwamba hivyo ni vya kuongeza ladha.

Na mimi nilisema nini? Nikasema, "Hamna shida, asante sana." Nilimshukuru, jamani. Tukavaa makoti tukatoka na njaa yetu.

Tukaenda Lake Street, kwenye kijimkahawa cha Wameksiko, maana nilijiambia hapa angalau kuna maharage, na maharage hayana ujanja. Maharage yakaja yamepondwa, yananukia vizuri mno. Shangazi akainusa sahani, akairudisha mezani. "Hebu waulize wameyaunga na nini." Nikauliza. Mwenye mkahawa, mtu mwema, hana hatia, akaitikia kwa fahari: mafuta ya nguruwe, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Hata maharage?" Shangazi akaniuliza kwa sauti ndogo. "Naomi, huku hata maharage hawayaachi salama?"

Nikamshukuru na yule bwana pia, nikatoka. Ndani ya gari Mzee Onchiri alikuwa ameanza kuongea na dirisha. "Tume-drive kutoka Brooklyn Park na chai ya strungi peke yake, bila hata maziwa," akaliambia dirisha, "na kuna mtu alikuwa anataka kupika."

Nilisikia mwili mzima unachemka. Si njaa, ni hasira. Hasira ya kuku tu, ya ladha tu, ya miaka yote ile ya kuulizwa napata wapi nguvu. Obed, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoa wazo hata moja, akakohoa kidogo akasema kuna mahali anapajua, University Avenue, upande wa Saint Paul, kwa Wavietinamu. Nikamjibu vibaya. "Kama ulikuwa unapajua, ulikuwa unasubiri nini?" Akasema nilionekana nina mpango wangu.

Tukafika. Chumba kidogo cha joto, madirisha yametoka jasho, meza zimejaa. Obed akaongea na mhudumu pembeni, akaturudia anacheka peke yake (alitaka kutufanyia mshangao, Mungu amsamehe), akasema anatoka mara moja kuungurumisha injini ya gari isije ikaganda, maana gari lake lilikuwa bovu na baridi ile haina utani. Akatuacha watatu.

Sahani zikaja. Mboga za kijani, vitunguu, karanga, mchuzi wa kahawia unaong'aa, na vipande vyekunduvyekundu laini. Shangazi akaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akiomba, akaanza kula. Akala. Akaongeza wali. Akafumba macho na kusema, "Hapa sasa! Hapa hata Uingereza wanasubiri," na mimi moyo ukafura kwa raha, nikachukua kijiko, nikakichota kipande, nikakiangalia.

Kilikuwa na ngozi.

Nawaambia kilikuwa na ngozi! Ile ngozi yenye vidutu vya manyoya yaliyonyonyolewa, kidutu kimoja kimoja, kama ya ndege aliyetoka kuchemshwa maji ya moto jikoni. Nikamwonyesha Mzee Onchiri. Naye, ambaye alishamaliza nusu ya sahani yake kimya kimya, akakigeuza kile kipande kwa umakini wa daktari. "Hii ni bata," akasema. "Mimi nimefuga bata. Hii ni bata kabisa."

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka kiti kilianguka nyuma yangu, na nakumbuka nilisema "Shangazi, tema!" kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na Shangazi, mdomo umejaa, akatoa macho, akachukua leso akatema, akaanza kunong'ona "Yesu wangu, Yesu wangu." Nikaivuta sahani kutoka mbele yake ili nimpelekee mhudumu puani aione, lakini sahani ilikuwa ya moto na mimi nilikuwa naivuta kwa hasira, ikateleza, na mchuzi wote ukamwagikia kifuani kwa Mzee Onchiri, juu ya suti ya kijivu, ukashuka polepole mpaka mapajani.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikageukia ukumbi mzima. Kwa Kiingereza changu chote cha chuo kikuu nikawatangazia kwamba hawa watu ni waongo, kwamba tumewaambia hatuli mnyama na wametulisha bata, kwamba wamemnajisi mama mzima aliyesafiri kutoka Afrika, na kwamba yeyote asiyekula nyama aache kijiko chake chini sasa hivi. Wanafunzi wawili wa kizungu karibu na mlango wakaviacha kweli, wakachukua makoti yao wakatoka.

Ndipo mwenye hoteli alipotoka jikoni. Mama mfupi, aproni kiunoni, amekasirika kuliko mimi. Mkononi alikuwa na kopo la bati, akalitua mezani mbele yangu, pwaa! Na wakati huohuo Obed akaingia, masharubu yameganda barafu, akaona kiti chini, Shangazi analia, baba yake mdogo anatiririka mchuzi.

"Naomi," akasema, "hiyo ni ngano."

"Ngano gani yenye ngozi?"

"Ngano. Wanaikanda, wanaifinyanga ifanane na bata. Soma."

Nikasoma. Kopo limeandikwa wazi: ngano, mafuta ya soya, sukari, chumvi. Na yule mama sasa akafungua kinywa. "Mimi sijagusa nyama tangu niwe msichana," akaniambia. "Mama yangu hakugusa nyama. Na unasimama ndani ya nyumba yangu, unaniita mwongo mbele ya watu wangu?" Akanyoosha mkono nyuma yangu. Nikageuka. Meza ya nyuma yetu, hatua chache tu, walikuwa wamekaa watawa wa kike wa Kibuda, vichwa vimenyolewa, nguo za kijivu, vijiti vyao vya kulia vimesimama hewani, kila mmoja na sahani ya bata wake, wananitazama.

Kama ningegeuza shingo ile ya twiga mara moja tu kabla ya kupayuka!

Niliomba radhi, lakini maneno yalitoka kama pumba. Shangazi ndiye aliyeinuka. Alimshika yule mama mikono yote miwili na kumwambia kwa Kiswahili, taratibu, kama vile anaeleweka, "Mama, msamehe mtoto wangu. Chakula chako kilikuwa kizuri." Kisha akaketi na kuniambia bila kunitazama, "Niombee sahani nyingine." Alikula yote. Mzee Onchiri naye, suti imelowa, akamaliza yake, na mpaka leo hajakiri kwamba alisema ni bata.

Tukamrudisha Mzee Onchiri Brooklyn Park. Mzee akafungua mlango, akatoa mguu mmoja kwenye theluji, akamwuliza Obed, mimi nikiwa palepale, "Huyu siku moja utamletea chai, atoke nje aambie majirani umemwekea sumu?" Akafunga mlango. Mazungumzo ya posa yaliyokuwa yafanyike mchana ule yakafa. Shangazi akarudi Musoma bila kupokea hata salamu rasmi, na tulikuja kuyamaliza kwa simu baada ya miezi, tena baada ya mimi kwenda Brooklyn Park kumpigia magoti mke wa Mzee jikoni kwake na kula sukuma wiki zake (zilizoungwa kwa siagi, nilijua, na nilimeza).

Lakini kinachoniuma si suti. Kinachoniuma ni hiki: yule binti wa Hopkins aliyetuletea nguruwe akicheka, nilimwambia asante. Yule mama wa University Avenue, mtu pekee katika mji mzima aliyetupikia kwa uaminifu, ndiye niliyemmwagia hasira niliyomlimbikizia mwenzake. Ningempigia kelele yule wa kwanza, pale pale, kwa haki yangu, wa tatu asingeonja hata chembe. Nikaapa, na sijavunja: hasira yangu naiacha kwenye meza ileile iliponipata, siibebi kwenda meza nyingine.

Obed nilimpata, mnajua. Tuliishi Minnesota miaka kadhaa baada ya harusi, na hamu ya yule bata haikunitoka, lakini uso wa kumtazama yule mama sikuwa nao. Kwa hiyo mume wangu alikuwa anaingia peke yake kuagiza cha kufungasha, na mimi namsubiri ndani ya gari, kofia imevutwa mpaka machoni, na hapohapo kwenye maegesho, hita inavuma, nakula kwa mikono.