Meza Ndiyo Huchagua Kinywaji

Nakumbuka Ijumaa moja kule Jeddah, mwanangu, siku ya joto lile la unyevu linalomfanya mtu aoge, ajifute, na abaki amelowa vilevile. Nilikuwa nimeketi sakafuni katika chumba cha rafiki yangu, mtaa wa Al-Mahjar, pakiti ya hamira mfukoni, nikiwa na hakika kwamba Saudia nzima hakuna anayejua mvinyo kunishinda. Huenda ilikuwa kweli. Katika nchi isiyoruhusu mvinyo, ubingwa wa mvinyo hauna wagombea wengi.

Juzi umenipigia simu ukaniambia hoteli imekupa kazi ya kusimamia vinywaji, na wageni Wafaransa wanakuja msimu wa joto. Ukataka nikutajie mivinyo ya mikoa ya kwao, upi uende na chakula gani. Nitakutajia, usiwe na haraka. Lakini majina ya chupa hata muuzaji atakupa. Kuna jambo ambalo muuzaji hatakupa, nami nilipewa na mlinzi wa ghala la mbao ambaye hajawahi kuonja mvinyo maishani.

Unajua kwamba kabla ya Saudia nilikuwa nikihudumia mvinyo hotelini, huku kwetu pwani. Nilifundishwa kunusa, kuonja na kutema, kazi iliyomfanya bibi yako aniulize kama nina akili timamu. Wageni walipopungua hoteli ikafungwa. Miaka ile mawakala walikuwa wakisaka madereva wa kwenda Uarabuni, nami leseni nilikuwa nayo. Sikuwa kijana sana, lakini ugenini mtu huanza upya, hujifunza hata kuomba maji.

Nilianzia Riyadh, nikiendesha gari la ofisi moja karibu na Al-Murabba. Joto la Riyadh ni kavu, hukausha ulimi ukawa kama kipande cha ngozi. Baadaye kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini nchini, akanihamishia Jeddah, nikawa dereva wa familia ya ndugu yake huko Al-Rawdah. Madam sokoni, watoto shuleni, baba uwanja wa ndege. Watu wema kwangu, sina la kuwasingizia. Ila kiu ya kazi yangu ya zamani ilinifuata. Nikikwama kwenye foleni nilikuwa nikijisimulia mwenyewe: leo na samaki huyu wa kukaanga ningefungua ule mweupe wa mdomo wa mto Loire, uwe baridi mpaka chupa itoke jasho. Ijumaa nikienda kwa wenzangu nawasimulia wao. Wakanipa jina, Mfaransa. Nalo jina likanipendeza kuliko inavyofaa.

Mwenye chumba aliitwa Wekesa, dereva wa duka la vipuri. Alikuwa anamaliza mkataba. Mtoto wake alizaliwa yeye akiwa ameshaondoka, akamjua kwa simu tu, akamwona anaota meno na kuanza kutembea ndani ya kioo kidogo kilichopasuka pembeni. Kafili wake alikuwa amekubali kumwachia. Lakini kila aliyefanya kazi kule anajua: pasipoti anayo kafili, na mpaka ikae mkononi mwako ikiwa na ruhusa ya kutoka, wewe hujaenda popote. Neno moja baya, kesi moja ndogo, na safari inageuka hadithi.

Tukapanga karamu ya kumuaga. Na vijana wakaanza kunichokoza. "Mfaransa, kweli tutaaga mtu na soda, kama watoto wa Sunday school?" Mmoja akasema kule kwenye kambi yao ya wafanyakazi kuna watu hutengeneza kwa maji ya zabibu ya dukani, sukari na hamira. Nilipaswa kucheka nikanyamaza. Badala yake nikasema hao wanatengeneza sumu, mngojeeni mtaalamu. Wazee walisema akili nyingi huondoa maarifa. Nikanunua mfuko wa sukari na madebe mawili ya maji ya zabibu, nikayapanga bafuni kwa Wekesa, palipokuwa na giza na ubaridi kidogo. Ilibaki kutia hamira tu. Wekesa aliyaona. Hakusema ndiyo wala hapana, kwa sababu mtu anayekaribia kurudi nyumbani huogopa hata kuudhi marafiki.

Hapo ndipo akaingia Mzee Kilonzo, yule mlinzi wa ghala. Alikuwa ametutangulia wote katika nchi ile, Mkamba wa Kitui, mkavu, mwenye kutafuna taratibu na kusema kwa shida. Akaenda bafuni kunawa. Akatoka. Akatazama mfuko wa sukari, akanitazama mimi. Nikajiandaa kwa kelele. Yeye akavuta mkeka akaketi.

"Mfaransa, leo mimi ni mgeni wa hoteli yako," akasema. "Nimeagiza samaki. Leta mvinyo."

Nikafurahi kama mjinga. Nikamwambia nitamletea mweupe mwepesi, mkavu, yaani usio na utamu, wenye ukali wa ndimu.

"Sitaki. Nataka ule mwekundu mzito."

"Mzee, huo hauendi na samaki. Ukakasi wake ukikutana na samaki, utahisi umelamba msumari."

"Kwani ni mbaya?"

"Ni mzuri sana. Ila si wa meza hiyo."

"Sasa mbaya ni samaki?"

"Hakuna kibaya, mzee. Haviendani tu."

Akatikisa kichwa pole pole. "Haya. Hii Saudia ndiyo meza. Na mwenye kula ni Wekesa, si wewe. Sasa nambie, hiyo kitu iko bafuni inaenda na hii meza?"

Nikasema tutafunga mlango, ni sherehe ndogo, nani atajua.

"Wewe mgeni, na mgeni ni kuku mweupe," akasema. "Ukishikwa, utasema ulikuwa unaonyesha ufundi wako. Na huyu chumba iko kwa jina yake, atamwambia mama mtoto nini? Eti Mfaransa alikuwa na kiu?"

Nilikasirika, mwanangu. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua la saa nane, kitu ambacho hakuna mwenye akili anayekifanya Jeddah. Nilijiambia mlinzi wa mbao hawezi kunifundisha mvinyo. Lakini nilivyozidi kutafuta kosa katika maneno yake ndivyo nilivyozidi kulikosa. Nilikuwa mtu wa kujisifu kwamba sijawahi kumwekea mgeni chupa isiyomfaa, hata akinipa bahashishi. Sasa nilikuwa nataka kumwekea rafiki yangu kinywaji kinachoweza kumnyima mtoto wake, ili mimi niitwe mtaalamu. Nilimpenda Wekesa. Nilijionea aibu.

Nikarudi ndani nikamtazama Wekesa usoni kwa mara ya kwanza wiki ile. Alikuwa anakunjakunja nguo ambazo zilishakunjwa. Nikatoa ile hamira mfukoni nikasema, "Halas, basi. Hii tutapikia mahamri." Alicheka, kisha akaingia bafuni mwenyewe akayatoa yale madebe, moja baada ya jingine, akayaingiza kwenye friji.

Wiki ile nilifanya kazi yangu halisi, ile ya kuchagua. Chakula kilikuwa samaki wa kukaanga, wali wa vitunguu vilivyoungua kidogo ambao wenyeji huuita sayadia, kuku wa mkaa na kachumbari yetu yenye pilipili. Nikajiuliza kila kimoja kinalilia nini. Samaki alitaka uchachu wa kukata mafuta, nikamtafutia ndimu na nananaa, barafu tele na chumvi kidogo tu. Kuku mwenye moshi alitaka kitu chekundu chepesi chenye ukakasi wa mbali. Nikachemsha maua makavu ya karkade, yanayouzwa kila duka kule, nikaacha sukari, nikayapoza. Kachumbari yenye pilipili haipatani na kikali, ikapata yale maji ya zabibu yaliyozimuliwa. Wali nikauachia laban, maziwa mgando ya chumvi, niliyoyapenda tangu Riyadh kwa sababu hurudisha mwilini kile jua lilichochukua. Vijana walinicheka nikinusa jagi la ndimu. Walipoonja waliacha.

Ijumaa iliyofuata tukala. Tulikuwa tumeanza samaki mlango ukagongwa. Alikuwa kafili wa Wekesa, mzee mwenye kanzu iliyopigwa pasi, hakuna aliyemwita. Alisema hakutaka kijana aifuate pasipoti dukani, amemletea mwenyewe. Tukamkaribisha, kwani mtu akikukuta unakula utafanyaje. Akakubali. Akakunja mikono ya kanzu akauliza pa kunawa.

Chumba kile kilikuwa na bomba moja, la bafuni.

Akaingia. Tukasikia maji yakimwagika muda mrefu, mzee yule alikuwa mtu wa kunawa kwa haki. Hakuna aliyetafuna. Bafuni hamkuwa na kitu ila ndoo na sabuni, na nilijua hivyo. Katika maisha yangu nimeogopa mambo mengi yaliyotokea. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa hili ambalo halikutokea.

Akatoka, akasema bismillahi, akala nasi. Karkade aliinywa bilauri ya kwanza akaomba ya pili, akasema kwao huiharibu kwa sukari. Kisha akatoa pasipoti mfukoni, akamwekea Wekesa mkononi na kumfunga vidole juu yake, kama mtu anayempa mtoto peremende. "Yalla, Wekesa. Nenda ukamwone mwanao." Wekesa alilia mbele yetu sote bila kujificha. Mzee Kilonzo aliomba asogezewe kuku.

Sasa swali lako. Wageni wakija katika joto letu, usiwakimbilie chupa nzito ili wakuone msomi. Samaki, chaza na kamba wape mweupe mkavu wa Muscadet, wa kule Loire inapoingia baharini, au Picpoul ya Languedoc, mkoa wa kusini wenye vidimbwi vya bahari na watu wanaokula chaza kama sisi tulavyo korosho. Pweza wa mkaa na saladi, mpe mtu ule wa rangi ya waridi wa Provence, ule uliopauka. Kuku na nyama baridi, Beaujolais nyekundu, na usione haya kuitia kwenye barafu nusu saa, wao wenyewe hufanya hivyo. Pilau na mchuzi wa nazi wenye pilipili, Riesling ya Alsace yenye utamu kidogo. Ile myekundu mizito ya Bordeaux iache ipumzike mpaka mgeni aombe nyama ya ng'ombe na upepo wa jioni uwe umeanza.

Lakini kabla ya chupa yoyote, tazama aliyeketi. Kuna mgeni hanywi kwa dini, kuna anayenyonyesha, kuna aliyeacha pombe na bado anahesabu siku, kuna atakayeendesha gari. Hao nao wana kiu, na chakula chao nacho kinataka mwenzake. Ukiwawekea soda ya moto huku wenzao unawanusishia vizibo, wewe si mtaalamu, wewe ni mchuuzi. Wachagulie kwa jasho lilelile. Na ukijiona umeshika chupa kwa sababu inakupendeza wewe, irudishe rafuni.

Mwanangu, Mungu akupe pua ya kazi na ulimi mwaminifu. Akuepushe na sifa zinazolipwa na mtu mwingine. Na kila atakayenywa mkononi mwako, amjalie kufika kwake salama, akute anayemngoja.