Kasri la Kwenye Kalenda

Diploma yangu imetundikwa sebuleni, hapa Morogoro, ndani ya fremu ya mninga, mahali ambapo mgeni akikaa kwenye kochi lolote lazima aione. Wengine hutundika picha ya harusi. Sina ugomvi nao, lakini diploma hiyo niliipata London nikiwa nasafisha vyoo alfajiri, nasoma jioni, na kulala kwenye basi kati ya chuo na chumba changu cha Edmonton. Niliingia kwenye nyumba ya kutunzia wazee nikiwa mfagiaji, nikatoka nikiwa kiongozi wa zamu mwenye wahudumu kumi na mmoja chini yangu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Siandiki haya ili kujisifu, ingawa sifa ninazo.

Ajabu ni kwamba wageni huitazama diploma kwa heshima, halafu huuliza kuhusu picha iliyo chini yake. Wanawake wawili wamevaa sare ya kitenge cha njano, nyuma yao kuna kasri la mawe lenye minara minne, na viatu vyao vimejaa matope mpaka kwenye vifundo.

Mmoja ni mimi. Yule mrefu ni rafiki yangu Mkongomani, mtu wa Kivu ya Kusini, aliyekuwa akifanya kazi ya kea, ya kutunza wazee, pamoja nami na kukaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Amenizidi miaka kumi na miwili, kwa hiyo nilimwita dada. Yeye aliniita mdogo wangu, na akitaka kunichokoza, Mama Diploma.

Nyumbani kwa baba yake, alipokuwa mtoto, palikuwa na kalenda iliyotoka parokiani, yenye picha ya kasri la Ufaransa. Mwaka ukaisha, baba akakataa kuishusha. Ukaisha mwingine, bado ipo. Dada alijifunza kuhesabu kwa madirisha ya lile kasri. Kisha vita vikafika kijijini kwao, na yeye, mama yake na wadogo zake wakakimbilia msituni, wakatembea siku kumi na moja. Baba alibaki nyuma. Hiyo ndiyo sehemu pekee aliyowahi kunisimulia, tukiwa tunakunja mashuka, na aliisimulia kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua.

Siku alipopata pasipoti ya Uingereza, baada ya miaka ya kusubiri barua, alikuja kwangu bila kupiga simu. Hakuvua hata koti.

"Mdogo wangu, nataka kuona shato. Lile kasri la kwa baba."

"Linaitwaje?"

"Kalenda haikusema. Ina minara ine na maji mbele."

Mipango niliifanya mimi, na niliifanya vizuri. Nilikaa jioni tatu nikitazama picha za makasri mpaka nikapata moja, kaskazini ya Ufaransa, lenye minara minne na bwawa mbele. Nikakodi gari, nikakata tiketi za feri, nikapata nyumba ya wageni kwenye kijiji cha jirani. Kuendesha upande wa kulia wa barabara nilijifunza ndani ya robo saa, baada ya kutoka bandarini. Dada alikuwa na kazi mbili tu: kusema Kifaransa na kushona sare.

"Kwa nini tusivae jinzi na raba?" nilimuuliza.

"Unaenda kwa mfalme na jinzi?"

"Wafalme wao walishawakata vichwa, dada."

"Basi tuvae kwa heshima ya vichwa."

Ndiyo maana asubuhi ile tulikuwa tumejifunga vilemba, tumevaa viatu vya kanisani, na kwenye kiti cha nyuma kuna hotipoti ya pilau. Tulipobakiza kilomita tatu, barabara ikaishia kwenye uzio wa chuma wenye kibao. Dada akakisoma.

"Wanatengeneza daraja. Gari haipiti wiki yote."

"Sasa watu wanapitaje?"

Dada alikuwa ameshauona mshale mdogo wa mbao, wenye picha ya mtu anayetembea. Ulielekea kwenye miti. Ulikuwa msitu hasa, wa miti mirefu iliyoshikana, njia inaingia mle na baada ya hatua chache huioni tena.

Akarudi garini, akafunga mlango, akafunga na mkanda.

"Miye siingie mu pori."

"Dada, ni njia ya matembezi. Wazungu wanakuja hapa na mbwa wao."

"Waende na mbwa wao. Nimeona picha, inatosha. Geuza gari."

Ningegeuza. Lakini nilimtazama, amekaa wima na sare yake iliyopigwa pasi, mikono magotini kama mtoto aliyeambiwa sherehe imeahirishwa. Alikuwa amelisubiri lile kasri tangu kabla mimi sijaanza shule. Nikajua akiondoka pale hatarudi tena, na hatalitaja tena maishani. Na mimi ni mtu mwenye diploma. Kazi yangu ilikuwa kuwatoa kitandani watu waliokuwa wamekataa kabisa kutoka.

Nikafungua mlango wake. Nikafanya kama tulivyofundishwa: simama upande wake ulio dhaifu, mpe mkono aushike mwenyewe, usimvute, maneno yawe machache, sauti iwe chini. "Hatua tano tu," nikamwambia. "Ukitaka kurudi, tunarudi." Akashuka. Hatua tano zikawa ishirini. Miti ikatufunika, mwanga ukawa wa kijani. Nikanyamaza kabisa, ili apate utulivu.

Kabla hatujafika mbali akasimama. Vidole vyake viliubana mkono wangu mpaka nikauma meno. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Unanishika kama unavyomshika yule mzee wa chumba cha tisa kazini," akasema.

"Nakusaidia, dada."

"Kwa nini umenyamaza?"

"Ili utulie."

"Nani alikuambia kimya kinatuliza?" Alisema hivyo karibu kwa hasira. "Kule tulinyamaza siku kumi na moja. Mama alimfunga mdogo wetu kitambaa mdomoni asilie. Unasikia majani tu, na miguu. Miguu ya nani, hujui. Na wewe unaniletea kimya!"

Miaka mitatu ya chuo, na hilo hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimemrudisha palepale alipotoka, kwa mkono wa kitaalamu. Nikasema basi, turudi.

"Nani amesema turudi? Sema!"

"Niseme nini?"

"Chochote! Kila siku unajisifu mpaka kwenye foleni ya basi, watu wanageuka. Leo ndiyo unakuwa bubu?"

Basi nikasema. Nilianzia mbali, darasa la nne, niliposhika namba ya kwanza nikamwacha mtoto wa mwalimu mkuu nyuma. Nikasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Nikaeleza jinsi nilivyofika London na begi moja, jinsi msimamizi alivyoniambia Kiingereza changu hakitoshi kusoma, na jinsi mwaka wa mwisho alivyokuja kuniomba nimsaidie kuandika ripoti.

"Hiyo umeshasema mara mia," dada akasema. Lakini alikuwa anatembea.

"Itakuwa mia na moja. Tena nitajenga Morogoro, vyumba vinne, vigae mpaka jikoni!"

"Na choo?"

"Viwili! Kimoja cha wageni!"

Mzee mmoja na mkewe walitokea mbele yetu na fimbo zao za kutembelea. Nadhani walikuwa wametusikia kwa muda mrefu. Wakatusalimia, dada akawajibu kwa Kifaransa, maneno mengi kuliko salamu. Yule mzee akavua kofia akaniinamia.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba wewe ni waziri wa afya, na miye mlinzi wako."

Nilinyoosha shingo mpaka walipopotea kwenye kona. Dada alicheka akajishikiza kwenye mti, na kicheko chake kikaenda msituni na kurudi. Mti uleule aliojishikiza, akaupigapiga kwa kiganja kama anavyopigapiga mabega ya wazee wetu, halafu akaachia mkono wangu. Tope lilikuwa limeingia kwenye viatu vya kanisani. Niliendelea kujisifu mpaka koo likakauka, na nilipofika kwenye kupandishwa cheo, miti ikaisha.

Kasri lilikuwa pale, na bwawa mbele yake, na bata. Dada akasimama kwenye nyasi. Nikamwacha atazame.

"Ndilo?" nikauliza mwishowe.

Alihesabu madirisha kwa kidole. Akaanza upya.

"La kalenda lilikuwa na moja zaidi," akasema. "Silo."

Jioni tatu za kutafuta, na nimekosea. Yeye akajifuta macho kwa ncha ya kilemba, na nikaona anatabasamu.

"Baba angesema ndilo. Angebisha mpaka jua lizame. Angesema dirisha moja wameliziba."

Tulimwomba msichana wa kukata tiketi atupige picha. Ndani tuliona vitanda vifupi vya mabwana wakubwa, na jiko ambamo ng'ombe mzima angeweza kuokwa. Kwenye ngazi za mzunguko dada akatikisa kichwa. "Hapa mzee hapandi hata siku moja. Hakuna hata chuma cha kushikia." Tukakubaliana kwamba lile kasri lisingepita ukaguzi wetu.

Tulipotoka, mtunza bustani mmoja alitaja jambo kwa dada akionyesha pikapu yake. Alikuwa anarudi kijijini kwa njia ya shambani na angeweza kutupeleka mpaka kwenye gari. Niliwahi kufungua mlango, miguu ilikuwa inawaka. Dada akamshukuru, akafunga ule mlango niliofungua.

"Tunapita kule tulikopita," akaniambia.

Safari hii alitangulia yeye, ameinua kitenge kwa mkono mmoja. Tulipoingia kwenye miti nikasafisha koo.

"Sasa, nilipopandishwa cheo, yule msimamizi..."

Akainua mkono bila kugeuka.

"Mama Diploma. Nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Palikuwa na majani, na miguu yetu minne, na ndege mmoja aliyekuwa akigonga mti mahali fulani juu. Mara mbili alisimama, na mara zote mbili nikafungua mdomo tayari, lakini alikuwa anasikiliza tu. Kisha akaendelea. Tulitembea hivyo mpaka tukaona gari.

Tulikula pilau tumekaa kwenye buti ya gari iliyo wazi, viatu tumevianika kwenye uzio wa daraja.

"Kuna lingine la minara minne," nikamwambia. "Saa moja kutoka hapa. Lina lami mpaka mlangoni."

"Na njia ya miguu?"

"Ipo. Kilomita saba, msitu mtupu."

Alitafuna polepole, akatazama viatu vyetu.

"Basi kesho," akasema, "tuvae raba."