Mpishi wa Kasongo anayekizungushia kivuli jivu

Saa nane mchana, wakati kila mwenye akili katika mji wa Kasongo, mashariki mwa Kongo, ameshaingia ndani, Chadia Alimasi anaizunguka bustani ya mji na kopo la jivu mkononi. Anainama, analimwaga kufuata ukingo wa kivuli cha miti mitatu mikubwa, kisha anarudi nyuma kukagua kazi yake. Mbuzi wawili wanamkagua yeye.

"Mikeka itakaa hapa siku ya Yenga," anasema, akimaanisha Jumapili, huku akijipangusa jasho. "Kivuli ya asubui iko muongo. Mie naamini ya saa nane tu."

Chadia, mwenye miaka 53, amepikia sherehe za watu kwa miaka kumi na tisa. Siku ya kazi humwachia kama faranga elfu arobaini akishatoa za kuni na mafuta, naye hula amesimama, kando ya chungu. Lakini wiki hii kinachomnyima usingizi si chungu. Ni mahali pa kukaa.

Kila baada ya mavuno, wanawake arobaini wa mtaa wake wanaolima mpunga pamoja hutoka siku moja kwenda kula nje. Wakristo wanatoka misa, Waislamu wanangoja adhuhuri ipite, ndipo sahani zinagawiwa: saa nane. Na mahali huchaguliwa na mpishi.

Mwaka jana alichagua ukingo wa kijito. Alikwenda kupaona asubuhi na mapema, akakuta kivuli cha kumtamanisha mtu kulala. Siku ya siku, ilipofika saa nane, kivuli kilikuwa kimehamia ng'ambo ya maji. Wanawake walikula wamejifunika vitenge, na samaki wakavu wakakauka mara ya pili. Tangu hapo mtaa mzima unamwita Mama Jua.

"Nilicheka nao," anakiri. "Nyumbani nikalia."

Safari hii Victoire, mwenyekiti wa kikundi, hakumung'unya maneno. Jua likiwapiga tena, chungu atapewa mpishi mwingine, cha mavuno na cha harusi zote za mtaa.

Jumapili inafika. Saa nne Chadia anatandika mikeka ndani ya mstari wake wa jivu, juani kabisa. Wanawake wanawasili, wanaitazama, wanatazamana, na kicheko kinalipuka.

"Mama Jua amerudia!" anapiga kelele jirani yake, Safi.

Victoire hacheki. Anatandika kitenge chake upande wa pili wa miti, penye kivuli kizito, na nusu ya wanawake wanamfuata. Chadia anaendelea kukoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Saa saba kivuli kinagusa mkeka wa kwanza. Wanaorudi kutoka swala ya adhuhuri wanakuta mikeka miwili imeshapoa, wanakaa. Saa nane, Chadia anapofunua wali, kivuli kimeifunika mikeka yote na kufika palepale kwenye jivu. Upande wa pili, Victoire anachomwa na jua.

Anakunja kitenge chake, anakuja polepole.

"Mama Chadia, fasi iko?"

"Iko, dada. Vua viatu, ingia."

Vigelegele vinawakimbiza mbuzi. Victoire anamnyang'anya mwiko, anamketisha mkekani na kumpakulia mwenyewe. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Chadia anakula chakula cha sherehe ameketi, na furaha inamjaa hadi machoni.

"Kumbe wali yangu iko tamu hivi!" anasema, mdomo umejaa. "Na mulikuwa munakula bila mie!"

Jioni, mikeka ikikunjwa, anatoa kopo la maziwa lenye mche wa parachichi unaomfika magotini. Upande mmoja wa bustani hauna hata mti, na mwakani wanawake watakuwa wengi zaidi. Anataka kupanda miche kumi kabla mvua hazijakatika. Anauchimbia huo wa kwanza, anaumwagilia, kisha anahesabu hatua kuelekea mawio ya jua na kumwaga jivu kwenye ardhi tupu.

"Na hiyo ni ya nani?" Victoire anauliza.

"Ya wajukuu yako," Chadia anajibu bila kuinua kichwa. "Wasikae upande mubaya kama weye."