Beseni la Bibi Dafroza

Bibi Dafroza hakuwahi kuuogopa uzee mpaka siku kanisa lake lilipoamua kuusherehekea.

Usharika wa Mennonite pale Nyabusozi ulianzia sebuleni kwake. Mwinjilisti mmoja kutoka upande wa Mara alipita na baiskeli yenye pancha, akaomba maji ya kunywa, akabaki kuhubiri. Wakapatikana watu wachache. Walifyatua matofali wenyewe, wakaezeka nyasi, upepo ukaezua, wakajikongoja mpaka wakapata mabati. Siku hizi kanisa lina spika kubwa na kwaya yenye sare, na waasisi wote wamezikwa isipokuwa yeye.

Jumapili ya maadhimisho ya kuanzishwa kwa kanisa, mzee wa kanisa Benedicto alisimama kusimulia historia. Ni mtu mwema, ila akishika kipaza sauti hajui kukiachia.

"Mzee Danstan alipigwa na radi," alisema. "Mama Francisca, tumbo lilimvimba ghafla. Mwinjilisti wetu alilala mzima, hakuamka. Wote wametangulia. Lakini mama yetu Dafroza huyu hapa, bado anajilimia mwenyewe, na mahindi yake mnayaona."

Alitaka kumheshimu, masikini. Hakuna aliyepiga makofi. Dafroza alitamani mtu amzibe Benedicto mdomo hata kwa kitenge. Alijua watu wanavyoyaunganisha mambo hayo: kikongwe, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni, wenzake wamekwisha, shamba lake linastawi. Mwaka jana, kijiji cha pili, bibi wa namna hiyo aliitwa mchawi, akakatwa mapanga mlangoni kwake mchana kweupe, na hakuna aliyeona kitu. Hata watoto wa jirani walikuwa wameacha kumwamkia. Alikuwa akijidanganya kwamba ndiyo adabu za siku hizi.

Ibada ikaendelea. Kabla ya Meza ya Bwana, Wamennonite hutawadhana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Unamwosha jirani yako wa benchi, naye anakuosha, kisha mnakumbatiana. Mabeseni yakagawiwa. Benchi la Dafroza, lililokuwa limejaa asubuhi, likawa tupu. Huyu alikwenda kubembeleza mtoto, yule aliona nafasi nzuri zaidi kule mbele.

Alivua viatu akakaa. Alimwomba Mungu kitu kimoja tu, aje mwanamke mmoja. Watu wakiona anaguswa na hakuna baya lililotokea, pengine maneno yangepoa, naye angerudi nyumbani akalala bila kuegemeza kinu mlangoni.

Akaja Irine, mwimbaji wa kwaya, mtoto mgongoni. Pacha wa mtoto huyo alikuwa amezikwa mwezi uliopita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Irine alipiga magoti akamwosha, mguu mmoja kisha wa pili, akamkausha kwa taulo taratibu. Hakuinua uso. Dafroza alishusha pumzi. Kanisa zima lilikuwa likitazama, na hilo ndilo alilolitaka. Furaha ilimjaa hata akaona aibu kwa hofu yake.

Zamu yake ilipofika akashuka kwenye benchi kwa shida, akalivuta beseni na kutumbukiza mikono majini.

"Lete miguu, mwanangu."

Irine, aliyekwisha kukaa, aliirudisha miguu yake chini ya benchi. Alimvuta mtoto kutoka mgongoni, akamkumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

"Yangu usiiguse, mama," alisema. "Mimi nimekuosha vizuri. Nakuomba tu, huyu mmoja niachie."

Wanawake wa mabenchi ya karibu walisikia. Dafroza alibaki amepiga magoti, mikono ndani ya maji, akiogopa kuinuka.