Nilipeleka Pedi Zetu Mbovu Thika

Sikutoka Gatongora kwa kupenda kutembea. Nilitoka kwa sababu ya Nduta.

Sisi ni kikundi cha akina mama, tunatengeneza pedi kwa nyuzi za mgomba katika chumba cha kukodi, hapa Ruiru. Nyuzi tunaziosha, tunazikausha, tunazipiga mpaka zinakuwa laini kama pamba. Cucu Wangari, bibi yetu sote na mkubwa wetu kwa umri, anazijaza kwenye kalibu ya mbao iliyochongwa umbo la pedi. Zikishagandamizwa, Nduta anaweka kitambaa laini juu na plastiki chini, halafu anabana kingo kwa mashine ndogo ya moto. Shida ilikuwa hapo kwenye kingo. Zilikuwa zinaachana. Pedi ikiachana haiuziki, inatupwa kwenye gunia, na gunia likijaa tunachoma. Ukiona nyuzi ulizoosha kwa mikono yako zikienda na moshi, hata chai haipiti.

Kwa vile Nduta ndiye anayebana, lawama zote zikamwendea yeye. Wenzetu wakasema kama wiki itaisha hivyo hivyo, atoke kwenye kikundi. Nduta ana mtoto wa kunyonya, na kazi nyingine hana.

Mwenyekiti akaniambia, "Wairimu, enda Thika kwa wale wenzetu wanaotengeneza pedi kama sisi uone wanafanyaje. Wewe huna upande."

Sijui kama hiyo ilikuwa sifa. Shule niliachia darasa la saba, na nikisimama mbele ya watu jasho hunitoka. Lakini nilienda.

Stendi ya Ruiru, asubuhi, nilikaa kwenye benchi nikingoja gari, nimepakata mfuko wa pedi zilizoharibika. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akauangalia, akauangalia tena.

"Hayo ni mandazi, mama?"

"Ni pedi, mzee. Tena mbovu."

Nilidhani atageuza uso. Badala yake alisogea. "Mbovu namna gani? Mimi nina wajukuu watatu wasichana, na mwenye kutumwa dukani ni mimi."

Nikampa moja. Aliigeuza polepole kama fundi anayekagua kiraka cha tyubu. "Ala! Lakini huyu aliyebana si amenyoosha mstari vizuri? Ona."

Niliona. Mstari wa Nduta ulikuwa umenyooka kweli, na bado ulikuwa umeachana. Gari la Thika likaja, tukaagana kwa mikono.

Njiani, baada ya Juja, nilijiuliza kama nilikuwa nimeanza safari hii na hukumu tayari kichwani. Nilikuwa nimeshaamini nusu kwamba Nduta ana haraka, kwa sababu ya mtoto. Mtu asiye na upande hawezi kubeba nusu ya hukumu mfukoni. Nikajaribu kuiacha pale kwenye mashamba ya kahawa, ingawa siwezi kuapa kwamba niliiacha yote.

Thika, karibu saa sita, nilipokelewa na Bi Zainabu. Ndiye anayeongoza karakana yao, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kicheko hata asipocheka. Chai kwanza, maneno baadaye; hakukubali nifungue mfuko kabla sijamaliza kikombe.

Kitu cha kwanza nilichoona ni chandarua. Sisi tunapiga nyuzi mlangoni kwa sababu ya vumbi, na upepo unabeba zile laini mpaka kwa jirani. Wao wamezungushia meza ya kupigia chandarua cha kitanda. Nyuzi zinaruka, zinanasa kwenye neti, jioni wanazikung'uta na kuzirudisha kazini.

"Jirani yetu analalamika nguo zake zinaota manyoya," nikamwambia.

"Mwambie hayo manyoya ni pedi zenu zinamsalimia," akasema Bi Zainabu, na wote mle ndani wakacheka.

Kisha akafungua mfuko wangu. Alichukua pedi moja, akaitenganisha kingo kwa kucha, akaipeleka dirishani. "Njoo uone, dada. Hapa plastiki, hapa kitambaa. Na hapa katikati?"

Katikati kulikuwa na nyuzi. Zilikuwa zimefurika mpaka kwenye mstari wa kubana, kama uji uliojazwa kupita mdomo wa kikombe.

"Moto haushikishi juu ya nyuzi," akasema. "Huyu wa kubana mnamwonea. Nani anajaza?"

"Cucu wetu."

"Alikuwa anafanya nini zamani?"

"Kuuza maharagwe sokoni."

Bi Zainabu akaweka pedi chini taratibu. "Basi. Anajaza kama gorogoro, ule mkebe wa kupimia."

Nikaelewa hapo hapo. Kila mtu aliyenunua kwa Cucu Wangari anajua: anajaza mkebe mpaka unakuwa na mlima, halafu mkono unarudi tena kwenye gunia kukuongezea konzi. Kumpimia mtu maharagwe bila nyongeza, kwake, ni kama kumfukuza.

Bi Zainabu akajaza kalibu mbili, moja kwa mlima, nyingine akaisawazisha kwa kijiti. Akazibana zote, akazimwagia maji. Ya mlima ikavuja ubavuni. Iliyosawazishwa ikanywa maji yote, ikatulia. Ili haki itendeke, akajaribu pedi nyingine za mfuko wangu, na kweli chache zilikuwa hazina nyuzi kwenye mstari. Hizo zilibanwa moto haujafika. Hayo yalikuwa ya Nduta. Nayaandika kwa sababu nilitumwa kuona yote.

"Na hizi msizichome," akaongeza. "Ni safi. Zifungueni, mtoe nyuzi, mzipige upya."

Kabla ya kurudi nilishuka kuangalia maporomoko ya Chania. Watu walikuwa wanapigana picha. Mimi nilisimama nikifikiria jinsi ya kumwambia mwanamke mzee kwamba ukarimu wake ndio unajaza gunia la kuchoma. Maji hayakunipa wazo lolote.

Gatongora, jioni, sikupitia karakana. Nilienda moja kwa moja kwa Cucu, nikamkuta anachambua mboga. Nilimweleza vibaya, nikirukaruka, nikianzia kwenye chandarua. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya majani.

"Kwa hivyo ni mimi ninayemtoa Nduta kazini."

"Cucu, si kwa kutaka."

"Wee, subiri." Akavuta pumzi. "Unajua mimi huwa nafikiria nini nikijaza? Nafikiria kale kasichana kameketi darasani, siku ni nzito, kanaogopa kusimama. Nasema, kaongezee kidogo."

Nilimsaidia kuchambua mboga.

Asubuhi yake sikulazimika kusimama mbele ya watu. Cucu alisimama mwenyewe, akamshika Nduta mkono, akasema, "Mama, nimekuchomea jina. Kuanzia leo nitasawazisha." Nduta alilia, halafu akasema na yeye atangoja taa ya mashine iwake kabla ya kubana. Hakuna aliyezungumza tena habari ya mtu kutoka.

Sasa tuna chandarua, na lile gunia tulilimwaga mezani tukafungua pedi moja moja. Nyuzi zilizotoka humo zilitushangaza. Kijiti Cucu anacho, lakini mkono wake bado unasahau. Unasawazisha, halafu unarudi kwenye nyuzi wenyewe.

"Cucu!" Nduta anaita.

"Nimeona, nimeona."

Nilitumwa nikaone wenzetu wanafanyaje, na nimeona. Kama kuna lingine nililojifunza, ni kwamba mkono kama ule haufai kufungwa, unatafutiwa mahali. Nyuzi tunazookoa zinatoa pedi za ziada, na tumekubaliana zote ni za Cucu kugawa. Kila pakiti tunayopelekea wasichana wa shule inapita kwake mwisho. Anaihesabu, inatimia. Kisha anaangalia mlangoni, kana kwamba kuna mteja amesimama pale na kikapu, anaongeza moja, na anafunga.