Mzee wa Juu na Pedi ya Gemu

Miaka ishirini na sita alikaa angani, ndani ya kibanda cha kreni, akinyanyua nondo na matofali, hata wenzake kazini wakamwita Mzee wa Juu. Kisha akaanza kupatwa na kizunguzungu. Daktari akapima, akapima tena, akasema asipande tena ngazi ya kreni. Kampuni haikumtupa, lakini haikumbembeleza pia: akiweza kutumia programu ya kompyuta ya kufundishia uendeshaji wa kreni, abaki awe mwalimu, akishindwa, aende nyumbani. Akapewa wiki moja.

Sasa programu yenyewe iliendeshwa kwa pedi ya gemu, kile kidude alichowagombeza wanawe miaka nenda miaka rudi wakiache wakasome. Ikabidi ajishushe na kumwomba kitinda mimba wake amfundishe.

Binti hakumcheka, angalau si mbele yake. Alibonyeza kitufe cha katikati mpaka taa yake ndogo ikawaka na kuzima, akaiunganisha pedi na kompyuta, akasema, "Haya baba, shusha mzigo."

Mzee akasukuma kijiti cha pedi mbele. Kwenye skrini mzigo ukapaa. Akasukuma zaidi, king'ora kikalia.

"Baba, unapandisha!"

"Nashusha! Kreni ukisukuma mbele inashusha, ukivuta inanyanyua. Aliyetengeneza hiki hajawahi kukalia kreni hata siku moja."

Siku tatu alijaribu kuifundisha mikono yake upya, ikagoma. Kila alipobabaika ilirudi ilikozoea, na mzigo ukaruka juu. Aliona haya. Tena aliogopa, maana wazo moja halikumtoka: huenda ujuzi wake wote ulikuwa wa kule juu tu, na hapa chini si lolote si chochote. Siku ya nne binti akafungua mipangilio na kukigeuza kijiti kifuate desturi ya kreni. Kazi ya dakika mbili.

"Na siku zote hizi nateseka bure?" mzee akauliza.

"Nilidhani utazoea, baba. Kumbe wewe ni mbishi hadi vidoleni."

Wakacheka hadi wakashika mbavu.

Siku ya mtihani msimamizi wa mafunzo, mama mmoja wa maneno machache, aliketi kando yake huku saa ya programu ikihesabu. Mzee akanyanyua nguzo ya chuma, akaizungusha, akaanza kuishusha. Ilipofika kimo cha mtu, akasimama hapo, nguzo ikining'inia. Sekunde zikayoyoma. Kisha akaimalizia taratibu, ikatua bila kutikisika. Skrini ikaandika kwa rangi nyekundu: MUDA UMEPITA.

Mzee akaiweka pedi mezani.

"Ulisimama kwa nini?" msimamizi akauliza.

"Nilikuwa nasubiri ishara ya mkono."

"Ya nani? Humo chini hakuna mtu."

"Najua, mama." Aliitazama mikono yake. "Lakini huwa nasimama hapo mpaka aliye chini aniambie yuko salama. Miaka yote sijamuumiza mtu. Siwezi kushusha kana kwamba hayupo."

Msimamizi aliyatazama tena yale maandishi mekundu. Kisha akayafuta.

"Jumatatu nina wanafunzi wanane," alisema. "Wote wanamaliza kabla ya muda, na hakuna hata mmoja anayesimama. Njoo mapema."